Kutengeneza, Kununua, au Kuweka Stoo?

Kijana mmoja wa Chekereni, kule Moshi Vijijini, ameniletea swali. Ana kibanda cha kuchapa barua na kutengeneza kadi za harusi na mabango, na jioni huhariri video za sherehe. Kompyuta yake ilianza kuonyesha mistari ya rangi kwenye kioo, halafu ikawa inazimika katikati ya kazi. Fundi wa kwanza alimwambia kwamba kadi ya picha, yaani kile kibao cha ndani kinachotengeneza sura zote tunazoziona kwenye skrini, imekufa, anunue nyingine. Fundi wa pili akamwambia haijakufa, aachiwe siku mbili ataichoma moto itapona. Fedha aliyonayo inatosha jambo moja tu kati ya hayo mawili, na msimu wa harusi unakaribia. Anauliza: nimsikilize yupi?

Ningeweza kumjibu kwa sentensi mbili. Lakini nilipolitafakari swali lake niliona ni la zamani kuliko kompyuta. Hapo hapo anapokaa, katika majaruba ya mpunga ya Chekereni na katika vilima vilivyo juu yake, swali hili limeulizwa mara nyingi, na majibu yamekuwa mazuri na mabaya. Kwa hiyo naomba leo tupite kwanza kwenye historia, ndipo turudi kwenye kibao chake.

Tuanzie mlimani. Kabla Wajerumani hawajafika Kilimanjaro, Wachagga walikuwa wamekwisha kuchimba mifereji wanayoiita mifongo. Ilichukua maji kwenye makorongo na kuyaleta migombani kwa mwendo mrefu, na penye bonde maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa ndani. Mfereji wa udongo haudumu wenyewe. Masika ya mwaka mmoja yanatosha kuubomoa. Hata hivyo mifongo mingi iliishi vizazi kwa vizazi, na sababu yake ni utaratibu. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, mara nyingi ukoo wa yule aliyeuchimba. Ulikuwa na mzee wa kuusimamia. Wote waliotumia maji yake walitoka pamoja kwa siku iliyopangwa, wakazibua palipoziba na kuziba palipovuja, na asiyetoka alitozwa faini. Huko hakuna aliyengoja mfongo ukatike ndipo akae kikao cha kuuliza kama utengenezwe au uchimbwe mwingine. Kazi ya kuutunza ilikuwa ndani ya haki ya kuutumia.

Sasa tushuke tambarare. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Japani walifanya kazi na Serikali yetu katika kilimo cha mkoa wa Kilimanjaro, na kati ya mwaka 1984 na 1987 ikajengwa, kwa mkopo wa Japani, skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi. Eneo lake lilipangwa kuwa hekta 2,300 hivi, na kati ya hizo kama 1,100 zilikuwa za mpunga, katika vijiji vya Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Maji yalichukuliwa kwenye mito ya Rau na Njoro kwa mabanio ya zege, yakapita katika mifereji iliyosakafiwa. Mbegu ilikuwa IR54, iliyotokana na utafiti wa mpunga uliofanyika Ufilipino. Wakulima waliozoea kuvuna tani mbili kwa hekta au chini yake walianza kuvuna zaidi ya tani sita. Ilikuwa ni sifa ya taifa zima, na wageni walipelekwa kuiona.

Lakini kabla miaka ya 1980 haijakwisha, maji yalianza kupungua kwenye majaruba. Hapa ndipo penye funzo la kwanza kwa kijana wetu. Mtu aliyesimama Chekereni mbele ya mfereji mkavu angeweza kuapa kwamba mfereji umeharibika. Haukuwa umeharibika. Sakafu ilikuwa nzima na malango yake yalifunguka na kufungwa. Kilichotokea ni kwamba wakulima wa sehemu za juu, na wengine waliokuwa nje ya skimu, waliona faida ya mpunga nao wakaulima, tena kwa maji ya mito ile ile. Hawakufanya dhambi, maana nao wana watoto wa kusomesha. Lakini ungeweza kubomoa mfereji wote wa Chekereni na kujenga mwingine mpya, na maji yasingeongezeka hata debe moja. Ugonjwa ulikuwa kwenye ugawaji wa maji ya mto, na dawa yake ilikuwa mapatano baina ya watu, si saruji.

Kioo chenye mistari ni kama mfereji mkavu. Kinakuonyesha kwamba kuna hitilafu, hakikuambii iko wapi. Huenda waya wa skrini umelegea. Huenda skrini yenyewe ndiyo mbovu. Huenda feni ya kadi imejaa vumbi la pumba za mpunga ikashindwa kuzunguka, kadi ikapata joto, kompyuta ikajizima ili isiungue. Huenda kile kisanduku kinachopokea umeme na kuugawa ndani ya kompyuta kimechoka, kazi ikiwa nzito kinashindwa. Huenda ni ile programu inayoiongoza kadi ndiyo iliyovurugika. Yote haya humfanya mtu aitupe kadi nzima.

Na kulijua jambo hili hakugharimu fedha. Futa vumbi. Badilisha waya. Azima skrini ya jirani. Kisha ichomoe kadi yako uipachike kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Mistari ikiifuata kadi kule, basi kadi ndiyo mgonjwa. Mistari ikibaki kwenye kompyuta ya kwanza hata baada ya kuwekewa kadi ya kuazima, basi fundi wa kwanza na wa pili wote wamekosea, na fedha yako ingepotea kwa yeyote kati yao. Fundi anayetaja bei kabla hajafanya jaribio hilo, muage kwa heshima uende kwa mwingine.

Funzo la pili liko kwenye trekta. Jaruba la mpunga linavurugwa likiwa na maji, na trekta inayofanya kazi matopeni huchakaa upesi kuliko ile ya shamba kavu, kwa sababu tope na maji hupenya hadi kwenye beringi. Mradi ulileta trekta, wakulima wakazikodi. Trekta zilizonunuliwa pamoja huzeeka pamoja, na vipuri vya mashine ya Japani vilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Baadaye watu binafsi wenye trekta zao waliingia na kuchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mimi siwalaumu waliokuwapo. Nasema tu kwamba ada ya kukodi inayolipia dizeli na dereva, bila kuweka kando senti ya trekta itakayofuata, ni ada inayoila trekta yenyewe kidogo kidogo. Siku inapokufa, swali la kutengeneza au kununua linakuwa halina maana, kwa kuwa hakuna fedha ya moja wala ya pili. Jambo hili linajulikana sana hapo Chekereni, kwani ndipo kilipoanzishwa mwaka 1994 kituo cha mafunzo ya kilimo cha KATC, ambako wakulima na mabwana shamba kutoka mikoa mingi wamejifunza umwagiliaji na zana.

Kuna jibu la tatu ambalo nchi yetu iliwahi kulitoa, nalo linahusu kompyuta hasa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Baada yake ikaja nyingine yenye nguvu zaidi. Kazi yake ilikuwa hesabu za Serikali. Watanzania waliozijua mashine hizo walikuwa wachache mno, kazi ikategemea wageni, hesabu zikavurugika. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengi wenu mtacheka leo, lakini waliokata shauri lile walikuwa na sababu: fedha nyingi ilikuwa imetumika na hesabu hazikuonekana. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kwenye uchunguzi. Kilichokuwa kimeshindwa zaidi ni maandalizi ya watu. Mashine ikapewa adhabu ya kosa la mpango. Marufuku ilikuja kulegezwa miaka ya 1980, na biashara ilipofunguliwa kompyuta zikaingia kwa wingi, lakini miaka kama kumi ya kujifunza ilikuwa imepotea.

Miaka hiyo hiyo ilizaa kitu kingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ikaja mwaka 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikaadimika. Hapakuwa na swali la kununua kipya. Redio, baiskeli, lori, pampu, kila kitu kilitengenezwa. Fundi alichonga kipuri kwa tupa, akatoa kifaa kwenye redio mbovu akakiweka kwenye redio nyingine. Ilipofika mwaka 1984 watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na hali ikaanza kubadilika. Mafundi wa simu na kompyuta ambao leo unawakuta mjini Moshi wanarithi mikono ya mafundi wale. Ni urithi mkubwa. Lakini tusisahau kwamba walitengeneza kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine, na gari lililotiwa viraka kumi lilikula mafuta na kulala njiani. Kutengeneza kwa lazima si sawa na kutengeneza kwa hesabu.

Mfano wa hesabu nzuri uko karibu na Chekereni, kwenye reli. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Wajerumani. Treni za abiria za njia hiyo zilisimama miaka ya 1990, majani yakaota, watu wakasema imekufa. Haikuwa imekufa. Ilikarabatiwa, na Desemba 2019 treni ya abiria ikafika Moshi kutoka Dar es Salaam, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Wakati huo huo Serikali ilikuwa inajenga reli mpya kabisa ya kisasa kutoka Dar es Salaam, ambayo ilianza kubeba abiria hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Serikali moja, miaka ile ile, ikatoa majibu mawili tofauti. Kwenye njia ya kati ilitakiwa kasi na uzito ambao reli ya zamani isingeweza kuubeba hata ikitengenezwa vipi. Kwenye njia ya Moshi kazi iliyotakiwa ilikuwa ndani ya uwezo wa reli iliyokuwapo. Swali lililoamua halikuwa umri wa reli, lilikuwa kazi inayongojwa.

Sasa turudi kwenye kibao cha kijana wetu, maana nacho kina historia yake. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, iliyozaa hizi tunazotumia, ilikuwa na kadi ya picha ya kuchomeka na kuchomoa, na ndiyo maana hadi leo sehemu hiyo inaweza kubadilishwa peke yake. Tangu miaka ya 1990 michezo na picha za video zilizifanya kadi hizi kuwa na nguvu kubwa, na nguvu ikaleta joto. Chipu kubwa ya kadi imekaa juu ya punje ndogo sana za lehemu, mamia kwa mamia. Kila unapowasha inapata moto na kutanuka, kila unapozima inapoa na kusinyaa. Zamani lehemu ilichanganywa bati na risasi. Tarehe 1 Julai 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kukataza risasi katika vifaa vingi vya umeme kwa sababu ni sumu, na viwanda vya dunia vikabadili mchanganyiko. Mchanganyiko mpya ulikuwa na tabia zake, na si kila kiwanda kiliupatia mara moja.

Miaka hiyo hiyo, kwa sababu zaidi ya moja, chipu za michoro zilianza kufa mapema. Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo ya mashine zake za michezo za Xbox 360. Mwaka 2008 kampuni ya NVIDIA ikatangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mkononi zilizoharibika, ikieleza kwamba vitu vilivyotumika kuifunga na kuishikiza chipu vilikuwa dhaifu. Hapo ndipo ulipoenea mtindo wa kuoka kadi kwenye jiko. Watu waliona ajabu: kadi iliyokufa inaingia kwenye joto, inatoka inawaka. Wengi waliofanya hivyo waliiona ikifa tena baada ya wiki au miezi michache, kwa sababu joto hukutanisha kwa muda viungo vilivyopasuka, mara nyingi ndani ya chipu yenyewe, lakini haliviungi upya. Pigo la joto na baridi linaendelea na ufa unarudi pale pale.

Kwa hiyo fundi wa pili anayesema ataichoma moto aulizwe swali moja: unabadilisha nini? Akisema anabadilisha feni, au anaweka upya ile dawa nyeupe inayopitisha joto, au kuna kapasita imevimba anaitoa na kuweka nyingine, hayo ni matengenezo ya kweli, tena ya bei ndogo, na kadi inaweza kuishi miaka. Akisema ana mashine ya kunyanyua chipu na kuilehemu upya, ni kazi halali lakini ni ghali, na inafaa kwa kadi ya bei kubwa tu. Akisema hatabadilisha kitu, ataipasha joto tu, basi anakuuzia muda. Kama kazi ya harusi moja inatosha kulipa muda huo, nunua ukijua unachonunua.

Tupige hesabu. Tuseme kadi iliyotumika inauzwa shilingi 150,000 na kuchoma ni shilingi 50,000. Kadi ikidumu miaka 2 umelipa shilingi 6,250 kwa mwezi. Kuchoma kukidumu miezi 3 umelipa zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Bei za kwenu mtazijaza wenyewe, hesabu ni ile ile: gawanya gharama kwa miezi ya kazi, usiangalie tu ni ipi ndogo leo. Na hiyo iliyotumika nayo ichunguzwe. Mwaka 2020 hadi 2022 kadi ziliadimika duniani, sehemu ya sababu ikiwa watu waliozitumia usiku na mchana kuchimba sarafu za kompyuta. Septemba 2022 sarafu kubwa ya aina hiyo, Ethereum, iliacha kabisa kuhitaji kadi, na zile zilizochoka zikamwagwa sokoni. Usilipe kabla hujaiona ikifanya kazi nzito nusu saa bila kukwama.

Lakini kabla ya yote, kijana wangu, fanya kama reli ya Moshi: uliza kazi inayongojwa. Kompyuta nyingi zina sehemu ndogo ya picha ndani ya zenyewe, bila kadi ya pembeni. Kama yako inayo, chomoa kadi mbovu, chomeka skrini huko, na kadi za harusi na mabango utayatengeneza bila shida. Video ndizo zitakazokwenda polepole. Pitisha msimu kwa njia hiyo, na faida ya msimu ndiyo inunue kadi. Hapo hutakuwa umemtegemea fundi yeyote kwa haraka, na haraka ndiyo inayomfanya mwenye shida alipe mara mbili.

Nimalizie kwa jambo linalowahusu wengi zaidi ya kijana huyu. Katika shule na ofisi zetu nyingi kuna chumba chenye kufuli ambamo kompyuta na mashine mbovu zimepangwa hadi darini. Hazikutengenezwa, hazikubadilishwa, zinangoja kibali cha kuzifuta ambacho hakuna aliyekiomba. Humo mna feni nzima, visanduku vya umeme vizima na kadi nzima ambazo zingefufua mashine nyingine, na mna risasi na sumu nyingine zisizotakiwa kutupwa jalalani. Nchi za Kiafrika zilikubaliana Bamako mwaka 1991 kwamba bara hili lisiwe jaa la taka za sumu za wengine, na Tanzania ilitoa kanuni za taka za vifaa vya umeme mwaka 2021. Makubaliano hayo hayafungui kufuli la stoo. Anayelifungua ni mkuu wa shule au mkuu wa ofisi, akiwa na fundi na daftari: hiki kitengenezwe, hiki kitolewe vipuri, hiki kipelekwe kwa wanaopokea taka hizo.

Na daftari hilo hilo liwe na safu moja zaidi, ya fedha inayowekwa kando kila mwezi kwa ajili ya mashine, iwe kibanda cha kijana wa Chekereni au idara nzima ya Serikali. Wazee wa mifongo hawakuwa na daftari, lakini siku ya kutoka kuzibua mfereji ilijulikana kwa kila mtu kabla mvua haijanyesha. Sisi tunaoandika kila kitu, siku yetu ni ipi?